Laringoskopu ya video ya mkononi: miezi 14 nikiitumia kwa wagonjwa wenye njia ya hewa ngumu

Wenzangu wa usingizi na wa emajensi, nimeulizwa sana kuhusu hii laringoskopu ya video tuliyonunua (kifaa cha kuangalia kooni ili kupitisha tyubu ya hewa), kila mtu anataka kujua kama kweli inasaidia au ni kuchoma hela, sasa leo nimekaa niandike yote kwa mpigo. Miezi 14 naitumia. Mi ni mtu wa usingizi, yaani nalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji, hospitali ya wilaya, thieta mbili, tuko watatu, mmoja akienda likizo wawili tunapokezana usiku na mchana, daktari bingwa wa usingizi hatuna, kwa hiyo mgonjwa akishalala halafu njia ya hewa ikagoma hamna wa kumwita, ni wewe na nesi na Mungu wako. Soma haya ukijua yanatoka mazingira hayo, wa hospitali kubwa ya rufaa anaweza akaona tofauti.

Mashine yenyewe ni ya Kichina, chapa siitaji maana nina lawama kidogo juu yake na pia nimeona yenye umbo hilohilo inauzwa kwa majina mengine. Mpini wake kama wa laringoskopu tuliyoizoea, juu kuna kaskrini kadogo unakageuza unakotaka, chini unachomeka bledi (ule ulimi wa kifaa unaoingia mdomoni) yenye kamera na taa karibu na ncha. Yetu ilikuja na bledi 3 za chuma za kuosha na kurudia, mbili zina mkunjo wa kawaida wa Macintosh, namba 3 na namba 4, na moja ni ile iliyopinda sana. Na chaja na kamkoba, basi. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya zile za Ulaya na Marekani kama C-MAC au GlideScope, ndo maana hospitali yetu iliweza.

Kwa ambaye hajawahi kuishika nieleze kidogo. Bledi ya Macintosh tunayotumia dunia nzima ni ya mwaka 1943, na kazi yake yote ni kuusukuma ulimi na kuinua taya mpaka jicho lako na nyuzi za sauti zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mgonjwa mwenye shingo inayokunjuka vizuri, taya la kawaida na mdomo unaofunguka, mstari unapatikana. Mwenye taya dogo, shingo fupi nene, kovu la moto shingoni, ulimi umevimba, mstari haupatikani hata uvute mpaka mkono utetemeke, unaona kidakatonge tu (kile kifuniko cha juu ya njia ya hewa), au huoni hata hicho. Hao ndo daraja la 3 na la 4 kwenye ile mizani ya Cormack na Lehane ya 1984. Kamera iliyo mbele ya bledi inakuondolea shida ya mstari, ni kama jicho lako limehamia nyuma ya ulimi, linachungulia kutokea kule kule. Yule mpasuaji wa Kanada, John Pacey, alipoileta GlideScope mwaka 2001 wazo lilikuwa hilo hilo, na nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya wazo hilo.

Sasa niwape usiku ulionibadilisha.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu ije. Mama wa ujauzito, kifafa cha mimba, ameshadegedeka mara mbili kabla hajafika, magnesiamu anapata, presha iko juu, haeleweki anachosema, sindano ya mgongo haiwezekani, lazima nusu kaputi ndo mtoto atolewe. Uso umevimba, ulimi ameshaung'ata umevimba pia. Nikampa oksijeni vizuri, nikamlaza kichwa na mabega yameinuliwa, dawa zikaingia, nikaingia na Macintosh. Kidakatonge tu. Nikatoka, nikampa hewa kwa ambubegi (puto la kusukumia hewa kwa mkono), nikarudi na buji (kijiti chembamba cha kuongozea tyubu), buji ikaenda kwenye umio. Damu imeanza kutoka kwenye ulimi. Oksijeni kwenye oksimita inashuka, 91, 88, na mjamzito anashuka haraka kuliko mtu wa kawaida, wote tunajua. Nikamwambia nesi lete ile ya video. Akaniangalia akasema, "Kaka, iko kabatini kwa mama inchaji, na funguo kaondoka nazo."

Nilirudi kwenye ambubegi, mikono miwili nimeshika maski, nesi anabonyeza, oksijeni ikapanda 95, mhudumu akakimbia na pikipiki nyumbani kwa inchaji, nashukuru ni jirani, hazikufika dakika kumi funguo ikawa imerudi. Wenzangu dakika zile ni ndefu, na najua wengi wenu mmeshazipitia. Nilivyoingiza ile bledi iliyopinda, nikafyonza damu kwanza, nyuzi za sauti zikajaa kwenye skrini, nyeupe, zote mbili, na nesi naye anaziona, na daktari mpasuaji kasimama na gloves anaziona. Tyubu namba 6.5 ikaingia. Mtoto alilia baada ya muda, mama alitoka ICU ya rufaa siku ya sita, nina shukrani mpaka leo.

Kwa hiyo cha kwanza nilichojifunza hakihusu mashine, kinahusu mahali inapokaa. Kama hospitali yako inanunua halafu inaifungia kabatini isiibiwe, msinunue, hela hiyo leteni oksimita za ziada. Yetu sasa iko juu ya meza ya usingizi thieta namba 1, imefungwa mnyororo mwembamba kama ile peni ya benki, na tangu hapo haijapotea hata waya.

Cha pili nilichojifunza usiku ule: nilianza vibaya. Yule mama alikuwa na kila dalili ya ugumu na mi nikaichukulia video kama ya akiba, ya kukimbilia ukishindwa. Ukishajaribu mara mbili kwa bledi ya kawaida unakuwa umeshavimbisha koo na umeshaleta damu, na kamera adui yake mkubwa ni damu. Jaribio la kwanza ndo bora kuliko yote. Chama cha Uingereza cha njia za hewa ngumu kwenye mwongozo wao wa 2015 walisema majaribio yasizidi 3, na la nne liwe la mtu mwenye uzoefu zaidi, sasa kama mwenye uzoefu zaidi ni wewe mwenyewe, hilo la nne huna. Siku hizi mgonjwa nikimuona ana dalili hata moja naanza na video moja kwa moja, na hata wasio na dalili nawaanzishia nayo mara nyingi, nieleze kwanini hapo chini.

Sio hisia zangu tu. Tathmini ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba) ya mwaka 2022 ilikusanya tafiti 222 zenye wagonjwa watu wazima 26,149 na ikaonyesha aina zote za laringoskopu za video zinapunguza kushindwa kuintubeti (kupitisha tyubu ya hewa) ukilinganisha na kuangalia kwa macho. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa Marekani unaitwa DEVICE, wagonjwa mahututi 1,417 wa emajensi na ICU, waliofanikiwa jaribio la kwanza kwa video ni 85.1% na kwa bledi ya kawaida 70.8%, na wengi waliokuwa wanaintubeti pale walikuwa madaktari walio mafunzoni, yaani ni watu wa uzoefu wa kati kama wengi wetu huku wilayani. Wakausimamisha mapema kwa sababu tofauti ilishaonekana wazi. Halafu 2024 hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani wakatoa wa kwao wa thieta, wagonjwa 7,736, waliohitaji kujaribiwa zaidi ya mara moja ni 1.7% kwa video na 7.6% kwa kawaida. Mi nikisoma namba hizo nawaona watu, kila asilimia pale ni mtu ambaye koo lake halikuchokonolewa mara mbili mbili.

Haya sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawakuambii na ndo sababu kubwa ya kuandika. KUONA SIO KUPITISHA. Ukiwa na Macintosh, ukiona nyuzi za sauti, tyubu inapita maana mstari ni mmoja, jicho linapopita na tyubu inapita. Ukiwa na video, hasa ile bledi iliyopinda, unaona picha nzuri kabisa, unafurahi, halafu tyubu inagoma kufika, inagonga nyuma, inagonga pembeni, inateleza chini kwenye umio huku unaiangalia, na oksijeni inashuka huku picha ni nzuri. Wiki mbili za kwanza ilinitokea karibu kila siku na nilikuwa nalaumu mashine. Haikuwa mashine, nilikuwa natumia mkono wa Macintosh kwenye kifaa ambacho sio Macintosh.

Kilichonisaidia ni hiki. Bledi iliyopinda inaingia katikati ya ulimi, sio kutokea kulia na kusukuma ulimi kushoto kama tulivyofundishwa. Unaingiza ukiangalia MDOMO, sio skrini. Ikishapita ulimi unaangalia skrini unatafuta kidakatonge. Ukishapata picha unarudisha macho mdomoni unaingiza tyubu ukiiona kwa macho yako mpaka ipotee nyuma ya ulimi, ndo unarudi kwenye skrini kuipitisha. Mdomo, skrini, mdomo, skrini. Wanaoruka hiyo hatua ya tatu ndo wanatoboa kaakaa au sehemu ya tonsili kwa staileti (waya unaokaa ndani ya tyubu kuipa umbo), ni jeraha linalojulikana la vifaa hivi, na hulioni kwa sababu wakati tyubu inatoboa wewe macho yako yako kwenye skrini unasubiri itokee.

Halafu picha isiwe nzuri kupita kiasi. Najua inashangaza. Ukiisogeza bledi mpaka zoloto (pale zilipo nyuzi za sauti) lijae skrini nzima umelipandisha juu na umefunga njia ya tyubu kwa bledi yenyewe. Rudisha nyuma kidogo, zoloto likae nusu ya juu ya skrini, uone kama nusu tu ya nyuzi za sauti, tyubu itapata nafasi ya kugeuka. Siku niliyoelewa hilo kazi ilibadilika kabisa.

Na staileti. Bila staileti ngumu iliyopindwa sawa na mkunjo wa bledi, hiyo bledi iliyopinda ni ya kutazamia tu. Yetu haikuja na staileti ngumu na hilo ndo nalipunguzia nyota, tulikuwa tunapinda za kawaida zile laini, zinanyooka zikikutana na ulimi, tukaagiza ngumu baadaye kwa hela nyingine. Ncha ya tyubu ikishaingia katikati ya nyuzi usiendelee kusukuma na staileti ndani, itagonga ukuta wa mbele wa koromeo la hewa na kukwama, mwambie msaidizi aivute staileti kidogo nyuma huku wewe unaitelezesha tyubu, ikigoma izungushe taratibu upande wa kulia. Msaidizi wako afundishwe hilo mchana, mgonjwa akiwa mwepesi, asifundishwe saa nane usiku.

Hizi bledi zenye mkunjo wa kawaida zenyewe hazina shida hiyo sana, unaingiza kama ulivyozoea, unaweza kutazama kwa macho au kwa skrini, na buji inakwenda nazo vizuri. Kwa kazi za kila siku ndo natumia hizo. Mwanafunzi akiwa na mimi ndo faida inaonekana zaidi, zamani nilikuwa nauliza "unaona nini?" na yeye anasema "naona" na hakuna anayejua anaona nini, sasa wote tunatazama kitu kimoja, namwambia inua, usikunje kiwiko, rudi nyuma sentimita moja, hapo hapo, na anayekandamiza zoloto kwa nje anaona mwenyewe mkono wake unasaidia au unaharibu. Kufundisha tu kungetosha kuinunua.

Na hii ndo sababu nasema itumike kwa wagonjwa wepesi. Mkono unajengwa kwa hernia na goita ndogo za asubuhi, ule mpangilio wa mdomo skrini mdomo skrini uingie mwilini. Mtu anayeishika mara ya kwanza akiwa na mgonjwa anayebadilika rangi atashindwa na atasema mashine mbovu.

Kuhusu goita, tunapata nyingi upande wetu huu, kubwa nyingine zimesukuma koromeo la hewa pembeni kabisa. Video inakuonyesha zoloto limehama wapi, unalifuata huko huko. Lakini inakuonyesha mpaka kwenye nyuzi tu, chini ya hapo kama goita imeminya koromeo kamera haijui, kwa hiyo kaa na tyubu ndogo mkononi, 6 na 5.5, usiishie kufurahia picha.

Sasa pale inaposhindwa, na hapa nawaomba msome taratibu. Tulipata kaka mmoja ana uvimbe mkubwa wa taya la chini, wa miaka mingi, alikuwa anauficha kwa kitambaa. Mdomo unafunguka kidole kimoja na kidogo. Kuna waliosema si mna video siku hizi. Nilichukua bledi nikaiweka pembeni ya mdomo wake akiwa macho, kwa upole, na haikupita. Kama haipiti akiwa macho haitapita akiwa amelala, na ukishamlegeza misuli umefunga milango yote. Huyo tulimpa rufaa akaintubetiwe macho kwa kamera nyembamba ya kupita puani, alifanyiwa na akarudi kutusalimia hana kitambaa. Video haimalizi kazi ya tathmini. Mdomo usiofunguka, damu nyingi, matapishi yamejaa, uvimbe uliokaa juu ya zoloto lenyewe, hapo kamera inaweza isikusaidie kitu, uwe na maski ya zoloto pembeni, kisu na buji ya kutoboa shingo viwe vimetajwa kwa sauti kabla mgonjwa hajalala, na kama una namna ya kumpa rufaa akiwa bado anapumua mwenyewe mpe.

Na baada ya tyubu kupita bado tunataka kaboni dayoksaidi kwenye monita. Kuona tyubu inapita kwenye skrini kunakupa imani kubwa sana, lakini tyubu inachomoka wakati wa kutoa staileti na wakati wa kufunga plasta. Kama una kapnografu, mashine ya kupima hiyo kaboni dayoksaidi, itazame. Kama huna, sikiliza kifua na tumbo, halafu piganieni ipatikane, naiweka mbele ya hii laringoskopu kwenye orodha ya manunuzi bila kusita.

Mambo madogo madogo ya matumizi. Ukungu: washa mashine dakika moja kabla, taa inaipasha moto kidogo kioo cha mbele, ukungu unapungua. Mwezi Julai asubuhi kukiwa na baridi bila kufanya hivyo unaona moshi tu. Saksheni (mpira wa kufyonza mate na damu) iingie kwanza, bledi baadaye, ukitanguliza bledi kwenye mate na damu unapaka kamera mwenyewe. Betri ya yetu inakaa vizuri, oparesheni za siku nzima inamaliza, ila kiashiria chake kinadanganya, kinaonyesha nusu halafu inazima ghafla, imenizimikia mara mbili, namshukuru Mungu zote kwa wagonjwa wepesi. Tumeweka utaratibu inachajiwa kila usiku hata kama haikutumika, na Macintosh ya kawaida yenye betri nzima inakaa pembeni yake siku zote. Umeme wetu mnaujua.

Usafi ndo sehemu inayoua vifaa hivi. Mpini na skrini haviingii majini, unafuta kwa spiriti tu. Bledi zinaoshwa kwa sabuni na brashi laini mara tu baada ya matumizi, damu isikaukie kwenye kioo cha kamera, halafu zinalala kwenye glutaraldehaidi (dawa ya kuua vijidudu) kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, halafu zinasuuzwa vizuri maana dawa ile ikibaki inaunguza koo la mgonjwa. Ufuniko wa pale zinapochomekea usisahaulike. Bledi yetu namba 4 ilipelekwa kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke mkali) na mtu mwenye nia njema aliyeona ni chuma, ikarudi picha imekufa, tumeagiza nyingine tukasubiri miezi mitatu. Andikeni kwa kalamu nyekundu juu ya boksi. Na wakati wa kununua ulizeni kwanza bledi za akiba zinapatikana wapi na kwa muda gani, mpini bila bledi ni tochi. Zile zinazotumia bledi za plastiki za kutupa nazikwepa kwa hospitali kama yetu, mwezi wa pili zitaisha na mtaanza kuosha kitu ambacho hakikutengenezwa kuoshwa.

Kwa ujumla nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa staileti ngumu kutokuwepo na kile kiashiria cha betri. Picha yenyewe haina lawama.

Bledi za watoto hatujapata bado, na kwa mtoto mwenye taya dogo bado tunaangalia kwa macho na tunatuma rufaa. Zimeagizwa, zikifika na nikizitumia vya kutosha nitaandika hapa hapa. Mwenye hospitali inayozitumia tayari naomba aniambie namba ndogo kabisa inashuka mpaka uzito gani, na kwenye mdomo wa kichanga tyubu inapata nafasi pembeni ya bledi au mnapishana vipi.